Siku Tuliyompandia Kura Tatu Mti

Kijijini kwetu Fontpeyre, ukitaka kujua nani amepata udiwani huna haja ya kusoma tangazo linalobandikwa mlangoni pa ofisi ya meya. Tembea tu barabarani ukiangalia juu. Penye nyumba ya diwani mpya utaona msonobari mrefu uliochunwa gome na kukatwa matawi yote, ukabakizwa kishungi cha majani kileleni, na chini ya kishungi vibendera vya buluu, nyeupe na nyekundu, pamoja na ubao ulioandikwa: Heshima kwa diwani wetu. Tunauita mti wa Mei, ingawa hausubiri mwezi Mei. Ukishasimamishwa haukatwi. Unakaa hapo mpaka uoze wenyewe na kuanguka. Naye mwenye nyumba, kwa heshima aliyopewa, hutoa vinywaji mpaka watu watosheke. Asiyetoa, bora ahame.

Kwa miaka arobaini mti huo ulikuwa kazi ya mtu mmoja, Élie Bouyssou. Yeye ndiye aliyeingia msituni kuuchagua, maana alijua upi umenyooka na upi unajifanya umenyooka. Yeye alipima shimo, yeye alielekeza kamba. Ameinua miti ya mameya wanne, na ya madiwani sikumbuki wangapi. Uani kwake mwenyewe hapakuwa na kitu ila mtini mmoja, ambao mama yake alikuwa akiuchuma kwa ajili ya jamu.

Élie alikuwa mfugaji wa bata bukini, mrefu, hajaoa, umri wake miaka sitini na mmoja wakati wa mambo haya ninayoyasimulia. Alikuwa na bata mia mbili na sauti ya kuwatosha. Watu wa mbali walidhani ni mkali. Hakuwa mkali hata kidogo, ila bata bukini hawamsikilizi mtu mpole, na yeye alikuwa amezungumza nao zaidi kuliko alivyozungumza nasi.

Mimi naitwa Huguette Lagarde. Nilikuwa katibu wa ofisi ya meya kwa miaka thelathini na mmoja, kila Jumanne na Ijumaa. Nimewatumikia mameya watatu, na nasema kwa moyo mweupe kwamba aliyekuwa akiendesha kijiji ni Élie. Mtaro ukiziba, Élie. Kengele ya kanisa ikikwama, Élie. Theluji ikianguka usiku, asubuhi barabara ya kwenda kwa wazee wawili wa mlimani ilikuwa imeshasafishwa, na kila mtu alijua ni trekta la nani. Barazani ndiko nilikokuwa nikicheka mpaka mbavu ziniume. Madiwani kumi na mmoja wanabishana nusu saa bomba la zamani linapita wapi, kisha meya anasema tupumzike dakika tano, anaingia chumbani kwangu, anampigia Élie simu. Akirudi anasema baraza limeamua. Nami naandika: baraza limeamua.

Sasa mtu kama huyo kwa nini hakuwa diwani? Kwa sababu ya jina. Mwaka elfu moja mia tisa sitini na tano baba yake, Antonin, aligombea. Alitembea nyumba kwa nyumba, akanywa kila alichopewa, akahesabu kwa vidole kwamba ana kura themanini. Kura zetu zinahesabiwa hadharani, msomaji anafungua karatasi na kusoma kila jina kwa sauti, na anayetaka kusikiliza anaruhusiwa. Siku hiyo walitaka wote. Antonin Bouyssou akapata kura tatu. Kuanzia hapo hakuitwa Antonin tena, aliitwa Kura Tatu, na alipofariki jina hilo Élie alilirithi pamoja na bata na trekta. Hata sokoni, mjini Sarlat, wanawake walikuwa wakiulizana kama bata wa Kura Tatu wamekwisha.

Élie alikuwa akicheka pamoja na watu. Lakini mimi nimekua ng'ambo ya barabara kutoka kwao. Nilimwona jioni ya siku ile, kijana wa miaka kumi na minane, akirudi na baba yake kutoka kuhesabu kura, wote wawili wakiangalia viatu vyao. Hakuwahi kucheka kicheko cha kweli juu ya jambo lile. Kila uchaguzi nilimshawishi agombee, na kila mara alinijibu jibu moja: "Bi Huguette, ukoo wetu ulishahesabiwa."

Machi mwaka elfu mbili na nane viti vilikuwa kumi na moja na wagombea kumi. Hakupatikana mtu wa kumi na moja, na si ajabu, maana udiwani wa kijiji ni kulaumiwa bure. Wakati huo sheria iliruhusu vijiji vidogo kufanya jambo la busara: mpiga kura angeweza kulikata jina asilolipenda, na kuandika jina la mtu mwingine yeyote, hata mtu ambaye hakugombea na amelala zake nyumbani. Siku hizi wamelifuta hilo. Wakubwa wa Paris hawawezi kuona kitu kizuri wakakiacha.

Jumapili hiyo asubuhi niliweka kalamu ndani ya chumba cha pazia cha kupigia kura, nikaifunga kwa uzi isiibiwe. Firmin Chassaing, meya wetu, muuza mbao, mtu mwema mwenye tumbo na maneno mengi, akaniuliza kalamu ya nini. Nikamwambia labda kuna mtu atataka kulikata jina. Akauliza jina la nani. Nikasema la yeyote, hata lako. Alicheka sana. Naapa sikumwambia mtu yeyote aandike chochote. Niliweka kalamu tu.

Saa kumi na mbili jioni tulifunga sanduku. Tunahitaji watu wanne wa kukaa mezani, na msomaji huwa ni Élie, kwa sababu hiyo sauti yake. Fundi bomba Maurice Delpeyrat, aliyekuwa mmoja wa wagombea, alikuja kusimama nyuma ya meza azione karatasi kwa macho yake. Chumba kilijaa, waliokosa viti walikaa madirishani.

Karatasi ya kwanza aliisoma majina kumi, vizuri, mpaka vioo vikatikisika. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu ilikuwa na jina la kumi na moja, chini, kwa kalamu. Akaisogeza karatasi karibu na macho.

"Soma," Firmin akamwambia.

"Bouyssou Élie," akasoma.

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha kawaida cha kijiji. Masikio yake yakawa mekundu. Baada ya karatasi mbili jina likaja tena, watu wakacheka zaidi. Likaja mara ya tatu, na mtu mmoja nyuma, ambaye sitamtaja kwa sababu mke wake ni rafiki yangu, akasema haya, imetimia. Hapo ukumbi mzima ulivunjika mbavu. Élie naye akatabasamu lile tabasamu lake la sokoni, akafungua karatasi iliyofuata.

Alipoiona aliiweka mezani. Watu wakanyamaza wote kwa pamoja, maana hata wajinga wanajua kinachokuja baada ya tatu.

"Nani anafanya mchezo huu?" akauliza.

Ni Maurice aliyesema polepole, "Hakuna mchezo, ndugu yangu. Wewe soma."

Akasoma. Likaja la tano, la sita, likaja mfululizo, na kadiri lilivyozidi kuja ndivyo sauti yake ilivyoshuka, mpaka akawa kama mtu anayeungama kanisani. Kutoka madirishani wakaanza kumwambia apaze sauti, hawasikii, nao ni haki yao kisheria kusikia. Maskini, akapaza. Fikiria mtu analazimishwa kulitaja jina lake mwenyewe mara baada ya mara mbele ya kijiji kizima, na kila akilitaja watu wanalihesabu kwa pamoja. Kura zilikuwa mia moja na kumi na nane, kwa hiyo mshindi alihitaji sitini. Walipofika hamsini na tisa chumba kilikuwa kinapumua kama mtu mmoja. Sitini ilipotoka walipiga meza, viti na vichwa vya waume zao. Mimi nilikuwa naandika, na mstari wangu ulipinda.

Mwisho wa hesabu Élie Bouyssou alikuwa na kura tisini na saba. Firmin, meya, alikuwa na themanini na moja. Firmin akaangalia ile kalamu yangu iliyofungwa kwa uzi, kisha akaniangalia mimi. Nikajishughulisha na karatasi.

Watu walimsogelea Élie wampe mkono, lakini yeye alikuwa ameshavaa kofia yake. Alikuwa mweupe usoni. Akasema jambo ambalo lilimaliza kelele zote: "Mmenionea huruma. Bora mngeendelea kunicheka." Akasema Jumanne ataniletea barua ya kujiuzulu. Akatoka.

Jumanne saa mbili kamili alikuwa mlangoni kwangu. Barua ilikuwa fupi, maandishi yake mazuri, na nilipoisoma nilihisi uchungu, sioni haya kusema. Nilijua kwamba nikiigonga muhuri tu, mtu huyu ataishi miaka yake yote iliyobaki akiamini kwamba kijiji kizima kilimpa sadaka.

"Umemwandikia nani?" nikamuuliza.

"Meya."

"Meya yupi?"

"Bi Huguette, kijiji kina meya mmoja."

"Kijiji kina meya wa baraza lililokwisha. Meya mpya watamchagua madiwani wenyewe Ijumaa jioni, huko barazani. Barua hii leo haina mwenyewe."

Alinitazama machoni. "Unanidanganya."

"Mimi ni mtumishi wa serikali," nikamwambia.

Haukuwa uongo. Ulikuwa nusu ya ukweli, na nusu nyingine, kwamba meya wa zamani bado angeweza kuipokea, nilikaa nayo. Akasema basi atakuja Ijumaa, ampe meya mpya mkononi, hatakaa hata kwenye kiti, na kurudi kwa bata wake. Akairudisha barua mfukoni. Hajafika kwenye kona ya kanisa, mimi nimeshafunga ofisi na niko njiani kwenda kwa Maurice. Nilimwambia mti wa Élie usimame kabla ya Ijumaa. Kwetu, diwani aliyewamiminia watu kinywaji chini ya mti wake hajawahi kurudi nyuma. Hakuna sheria inayosema hivyo. Ni kubwa kuliko sheria.

Shida moja tu hatukuifikiria mpaka Alhamisi. Mtu pekee aliyejua kusimamisha mti wa Mei ndiye huyo huyo tuliyekuwa tunampandia.

Maurice anajua mabomba. Aliongoza wanaume kwenye msitu wa Firmin wakachagua msonobari ambao, ulipokuwa umelala chini, ulionekana umenyooka. Saa tisa alasiri tuliingia uani kwa kina Bouyssou, watu kama hamsini, na trekta, kamba, vibendera na ubao. Bata mia mbili walitupokea kama jeshi la wavamizi. Waliwauma wanaume sehemu nisizopenda kuzitaja. Nyumba ilikuwa imefungwa, lakini pazia la jikoni lilikuwa linasogea.

Wakachimba shimo. Wakaufunga mti kamba tatu, wakavuta. Mti ukapanda nusu, ukafikiri, ukalalia banda la bata. Wakavuta tena. Safari hii ulikwenda upande wa pili, na Firmin, mwenye mshipi wake wa umeya tumboni, ilibidi akimbie, jambo ambalo hatukuwa tumeliona kwa miaka kumi na tano. Mara ya tatu kamba moja ilimponyoka Maurice, mti ukayumba juu yetu kama mlevi, wanawake tukaanza kurudi nyuma.

Mlango wa jikoni ukafunguliwa kwa kishindo.

"Shimo gani hilo?" Élie akauliza kutoka kizingitini. "Mnazika paka?"

Wote walikuwa wameshika kamba. Akashuka ngazi. Mikono yake aliiweka nyuma, akaishikanisha, kwa sababu mwenye mti haruhusiwi kuugusa, na yeye ndiye aliyetufundisha hivyo. Akauzunguka mti mara moja, akitikisa kichwa, akatuuliza kama tuliuchagua tukiwa tumefumba macho. Akawaamuru waongeze shimo kina cha mkono mmoja. Akamwambia Maurice avute kushoto, Maurice akavuta, akamwambia kushoto kwake Maurice na si kushoto kwa mabomba. Akamwambia Firmin kwamba tumbo hilo kwa mara ya kwanza lina kazi, aliegemeze kwenye kamba ya nyuma. Mikono ilikuwa bado nyuma, na niliona vidole vikihangaika, vikitaka kushika kitu. Ndani ya robo saa mti ulikuwa umesimama.

Ulikuwa na kibiongo katikati. Élie aliuangalia kwa muda, akasema katika miaka arobaini hajaona mti mbaya kama ule. Tukacheka wote, naye akacheka.

Kilichobaki kilikuwa kinywaji. Watu hamsini walisimama wakimtazama, na vibendera vinapiga juu. Élie akaingiza mkono kwenye mfuko aliokuwa ameweka barua.

"Nawashukuru kwa kazi," akasema. "Lakini siwezi kuwapa watu kinywaji cha uongo. Mlinipigia kura kwa sababu ya baba. Mlitaka kufuta yale ya zamani. Basi nimesamehe, yamekwisha, nendeni nyumbani."

Aliyemjibu alikuwa mama yake. Bi Léontine alikuwa ametoka kimya kimya na kukaa kwenye ngazi, miaka themanini na mitano, aproni kiunoni, fimbo magotini.

"Baba yako mwache alipo," akasema. "Mimi mwenyewe sikumpigia."

Élie akageuka. "Unasema nini, Mama?"

"Sikumpigia kura. Jina lake nililikata, kwa penseli na rula, ili lisije likahesabiwa kwa bahati mbaya."

"Mama, alikuwa mume wako."

"Ndiyo sababu. Siri ya mtungi aijuaye kata. Nilimpenda baba yako kuliko mkate, lakini mtu anasahau kufunga mlango wa bata mara mbili kwa wiki, nimkabidhi kijiji? Antonin yule angemuuzia njia ya kanisa mtu yeyote aliyemsifia mvinyo wake. Nilimjua. Na hawa nao," akaiinua fimbo akaielekeza kwetu na kwa wazazi wetu waliokwisha kufa, "walimjua. Hawakumdharau. Walikuwa na akili."

Élie alisimama kama mtu aliyesahau alikuwa anakwenda wapi. Aliniambia baadaye kwamba maisha yake yote alidhani siku ile kijiji kilimtemea baba yake mate.

"Na mimi, je?" akauliza, na ile sauti kubwa haikuwepo kabisa.

"Wewe pia wanakujua," mama yake akamwambia. "Haya, watu wana kiu."

Mabega yake yakaanza kutikisika, na mimi nilidhani analia, nikamsogelea. Alikuwa anacheka. Alicheka kicheko ambacho sikuwahi kukisikia kwake tangu tukiwa watoto, akamkumbatia mama yake pale kwenye ngazi mpaka fimbo ikaanguka, naye mama akamwambia asimvunje mbavu kabla hajamwona barazani. Kisha akaingia ndani. Tulisikia chupa.

Alitoka na mvinyo mwekundu, na mikate, na nyama ya bata iliyohifadhiwa kwenye mafuta yake, na pombe kali ya matunda aliyoitengeneza mwenyewe bila kibali, ambayo mimi kama mtumishi wa serikali sikuiona, ingawa nilikunywa vikombe viwili. Alimmiminia Firmin kwanza. Akammiminia Maurice, akamwambia mti ule ukija kumwangukia mtu, yeye Maurice atazikwa humo humo shimoni kwa kuwa sasa lina kina. Alipita kwa kila mtu, mmoja mmoja, akimtazama usoni, kama anayetaka kuwajua tisini na saba wake. Hata wale ambao nina hakika hawakumwandika waliinua vichwa wakajifanya wamo. Tulikula, tukaimba, bata wakachoka kutuuma wakaja kula mkate miguuni petu. Barua sikuiona tena na sikuiuliza.

Ijumaa jioni madiwani kumi na mmoja walikaa kuizunguka meza. Kazi ya katibu ni kuwaita kwa majina, kwa mpangilio wa alfabeti, na anayeitwa hujibu akiwa amekaa, wengi bila hata kuinua macho. Wa kwanza katika orodha alikuwa Bouyssou Élie. Alikuwa amenyoa, amevaa koti la mazishi, kwa kuwa hana jingine. Nilipomwita alisimama, ingawa hakuna anayesimama.

"Nipo," akasema.

Nilipaswa kuendelea na jina la pili, lakini machozi yalikuwa yameifunika karatasi, nikasubiri yapite. Madiwani wakanisubiri. Mwisho Firmin Chassaing akakohoa, akasema kwamba hata yeye yupo, kama kuna mtu anayejali.